Toenga, Jina la Shangazi

Auckland, 4 Machi 1977

Wifi yangu mpendwa Tokilupe,

Hamjambo huko Pangai? Sisi hatujambo, na tena tumeongezeka! Mtoto amezaliwa juzi alfajiri. Msichana, mnene, nywele mpaka shingoni, na sauti yake imeamsha wodi nzima. Kaka yako Penisimani alimpakata akalia, halafu akaniambia nisimwambie mtu. Basi nakwambia wewe.

Nakuandikia kwa Kiingereza, unisamehe, Kitonga changu bado ni cha kununulia magimbi sokoni. Ila Penisimani amenieleza desturi yenu, kwamba dada mkubwa wa baba ndiye anayetoa jina, na baba na mama kazi yao ni kupokea. Kwetu Fiji, kisiwani Kadavu, mambo ni mengine, lakini nimeolewa kwenu na nafuata ya kwenu. Ningeomba tu, kama inafaa, umkumbuke mama yangu Vasiti aliyetutoka mwaka jana. Si lazima. Nimesema tu.

Hatujaonana tangu harusi. Uliondoka mapema hata sikupata kukuaga, nikaambiwa kichwa kilikuuma. Natumaini kilipona.

Mtoto hana jina na manesi wanamwita Bibi Mkubwa. Tunakusubiri wewe.

Wifi yako,
Litia


Pangai, Ha'apai, 22 Machi 1977

Litia,

Kichwa kilipona, asante kwa kuuliza, ingawa imekuchukua miaka miwili.

Mama yako ni marehemu, apumzike, tusimsumbue. Jina la mtoto ni Toenga.

Maana yake ni masalia. Nabii Isaya anawataja, wale wachache wa Israeli waliobaki baada ya wenzao kufagiliwa. Mchungaji wetu akilifikia neno hilo machozi humtoka. Nimeulizia Ha'apai yote, nimeulizia na kwa binamu zangu wa Vava'u, hakuna msichana hata mmoja mwenye jina hilo. Hapa kwetu ukiita Mele wanageuka wanawake njia nzima. Wako akiitwa ataitika peke yake.

Mwanangu Inoke, huyu wangu wa pekee, sasa ni kijana mkubwa, anauliza lini atamwona dada yake. Kwetu binti wa mjomba ni dada, hakuna cha binamu. Mzoeshe mapema.

Mwonyeshe Penisimani barua hii. Yeye ataelewa.

Shangazi wa mtoto,
Tokilupe


Auckland, 9 Mei 1977

Wifi Tokilupe,

Asante, asante sana! Toenga amebatizwa Jumapili. Ninalitamka jina siku nzima, linateleza vizuri mdomoni.

Kaka yako naye ana vituko. Alisoma barua yako mara mbili, akatoka kwenda kukata majani uani, na majani yenyewe nilikuwa nimeyakata jana yake. Nikamfuata. "Kwani jina baya?"

"Dada yangu ndiye aliyelitoa," akasema.

"Sijakuuliza nani kalitoa."

"Ni zuri, Litia. Ni la kwenye Biblia."

Basi ndivyo alivyo, mkitajwa ninyi dada zake anakuwa kama yuko kanisani. Na huko kanisani kwenyewe mchungaji alisita na maji mkononi, akaniuliza jina tena, nikamtajia kwa sauti. Wanawake wa viti vya nyuma wakapatwa na kikohozi wote kwa mkupuo. Nikasema moyoni, wivu huo, wao wanao Mele na Ana wa kumwaga, mimi ninaye wa kwangu.

Nimekutumia blanketi la sufu. Asante kwa kutupenda.

Wifi yako,
Litia


Pangai, 11 Juni 1977

Litia,

Blanketi limefika, ni zito.

Nimewasimulia wanawake ninaosuka nao mikeka jinsi ubatizo ulivyokwenda. Tulifurahi mno, kazi ililala siku ile. Sasa kila wiki wananiuliza, Toenga hajambo? Anakula? Nawaambia anakula vizuri, kwa kina Litia hakitupwi kitu.

Tokilupe


Auckland, 12 Mei 1980

Tokilupe,

Salamu sina.

Jana ilikuwa Jumapili ya Watoto. Toenga alivaa gauni jeupe nililomshonea, akasimama mbele ya kanisa akasema mstari wake wote bila kukosea. Watu wakampigia makofi. Tukatoka, tukaketi kwenye chakula. Watoto walipomaliza kula, bibi mmoja akapaza sauti kutoka jikoni kwa Kitonga, na mimi nikakamata maneno mawili tu, toenga na nguruwe. Mwanangu akasikia jina lake. Akashuka kitini, akapita kati ya meza zote na gauni lake, akaenda kusimama kando ya ndoo ya nguruwe. "Nimekuja," akamwambia yule bibi.

Walicheka, Tokilupe. Wengine waliinamia meza kwa kucheka. Na yeye akacheka nao, alidhani amefanya jambo zuri.

Nilimkamata Penisimani shati mbele za watu. Nikamwambia nitafsirie. "Alisema leteni masalia, ndoo iko hapa." Masalia ya nini? Akatazama viatu vyake. "Ya chakula pia huitwa hivyo."

Makombo! Umemwita mwanangu makombo! Miaka mitatu naamka nasema makombo kaoge, makombo njoo mama akubusu, na mume wangu ananisikia ananyamaza kwa sababu wewe ni dada yake! Nieleze nilikukosea nini. Nieleze, maana nimekaa usiku kucha sioni.

Litia


Pangai, 30 Mei 1980

Litia,

Kitonga chako kinaendelea vizuri, hongera.

Unauliza ulinikosea nini. Kumbe hukumbuki, na hilo nalo ni kosa. Nilivuka bahari kuja harusini kwako na mikeka miwili ya bibi yangu, ile laini ya kuvaliwa kiunoni, ambayo hata mtoto wa chifu angeiomba. Mimi dada mkubwa wa bwana harusi. Mahali pangu ni juu, na sahani ya kwanza ni yangu. Mama yako alinishika mkono, akanipitisha mbele ya meza zote, akaniketisha jikoni. Jikoni, na masufuria! Akala mchungaji, wakala jamaa wa mchungaji, akala hata mpiga picha. Walipokwisha kushiba na kuondoka, mama yako akaniletea sahani. Kichwa cha samaki na kiazi kikuu kilichopoa. "Sasa kula, mwanangu," akasema, na meno nje.

Nilikula. Nilikula mpaka mwisho, maana nilikuwa kwa watu na kaka yangu alikuwa na furaha siku ile. Halafu nikaumwa kichwa.

Kwetu jambo kubwa likitokea katika ukoo, mtoto anayefuata huitwa jina lake ili lisisahaulike. Wewe ulinipa makombo, mimi nimekurudishia. Masalia ya Isaya ni ya mchungaji. Wanawake wote wa Pangai wanaijua habari ya sahani, niliwasimulia kwa kinywa changu, na Toenga akitajwa hapa hakuna anayemkumbuka nabii.

Tokilupe


Auckland, 15 Juni 1980

Tokilupe,

Nimesoma barua yako nikalia, halafu nikacheka kwa hasira, halafu nikalia tena.

Kwa mama yangu wageni hula kwanza na huenda zao. Watu wa nyumbani hula mwisho, jikoni, wakiwa wamevua viatu, na kichwa cha samaki hupewa yule anayependwa kuliko wote. Mama alitunyima sisi wanawe kichwa kile. Tangu asubuhi alikifunika na kitambaa chake mwenyewe akisema hiki cha wifi yake Litia, leo amekuwa binti yangu. Hakutia kitu kinywani siku nzima akikungoja wewe. Wewe ulitazama sahani, hukutazama nani alikuwa anakula nawe. Sahani ilikuwa moja, Tokilupe. Mlikula sahani moja wewe na mama yangu.

Alikufa akijiuliza kwa nini uliondoka bila kuaga.

Ungeuliza! Neno moja tu ungeuliza! Basi, nimekosea mimi sikukueleza, na mama alikosea hakujua yenu, na nakuomba radhi kwa ajili yetu sote wawili. Lakini mtoto hakuwepo harusini. Kuanzia leo hapa nyumbani anaitwa Vasiti. Na nina mimba nyingine, huyu nitamtafutia jina mwenyewe.

Litia


Pangai, 2 Julai 1980

Litia,

Habari ya kichwa cha samaki ni tamu. Ungenipa siku ileile. Sasa imechelewa. Niwaambie nini wanawake wa mikeka, kwamba miaka yote hii nilikuwa nimeheshimiwa nisijue? Watanicheka mimi, na mimi sikuzaliwa kuchekwa.

Kuhusu huyo Vasiti wako. Jina la shangazi halivuliwi. Muulize Penisimani, alifundishwa kabla hajaota meno. Watu wa kwetu wanaamini kwamba shangazi akiwa na kinyongo, mtoto tumboni hukosa njia ya kutokea. Sisemi kwamba nina kinyongo. Sisemi kwamba sina.

Tokilupe


Auckland, 20 Julai 1980

Wifi yangu Tokilupe,

Nakupigia magoti kwa kalamu. Mtoto amekaa vibaya. Daktari anasema hutokea, nisihangaike, lakini wanawake wa kanisani walinishika tumbo wakaulizana kwa macho, na mmoja akaniuliza kama kuna mtu upande wa baba amekasirika. Penisimani haongei nami. Anaketi kitandani na kofia mkononi.

Ningekuja niketi chini mlangoni kwako mpaka useme niinuke, lakini hawaniruhusu kupanda ndege na tumbo hili. Tuma telegramu. Neno moja, "Nimesamehe," basi. Sijali kama ni kweli. Kaka yako akiliona atalala, na mimi nitalala.

Vasiti hayupo tena. Nimemwita Toenga asubuhi hii mbele ya baba yake, akaitika akaja mbio.

Nakusihi, wifi yangu.

Litia


Pangai, 4 Oktoba 1980

Litia,

Barua yako ya Julai ilifika ndani ya wiki mbili, posta siku hizi wanajitahidi. Nilikuwa nasuka mkeka, na nikishika mkeka sishiki kalamu. Halafu tukasikia habari za mtoto wa kiume.

Pole.

Mkeka umekwisha. Nautuma na mchungaji anayekuja huko, mumtandikie kaburini.

Tokilupe


Auckland, 25 Oktoba 1980

Tokilupe,

Mkeka umefika, tumeutandika. Kaburi ni dogo, umebaki mwingi.

Toenga anakusalimia.

Litia


Pangai, 8 Februari 1999

Wifi Litia,

Miaka mingi hatujaandikiana mimi na wewe. Barua zilizokuja ni za Toenga, na hizo ninazo zote.

Sijakushukuru kwa kumruhusu aje mwaka juzi nilipovunjika nyonga. Alikaa nami mpaka nikasimama. Aliniogesha, Litia. Alinisuka nywele, aliniimbia, alinilisha kwa kijiko nami nikimfokea, na hakunijibu hata siku moja. Nilianza kumwita "mwanangu" tu. Lile jina nilishindwa kulitamka.

Sasa sikiliza. Mke wa Inoke ni mjamzito, mjukuu wangu wa kwanza, na kwa umri wao huenda ndiye wa mwisho. Inoke hana dada wa tumbo moja. Toenga ndiye dada, kwa hiyo Toenga ndiye shangazi, na jina litatoka kwake. Natamani amwite Folole, jina la mama yangu. Mimi siwezi kumwambia, shangazi haelekezwi na watu wa upande wetu, kazi yetu ni kupokea. Lakini wewe ni mama yake, unaweza kulidondosha sikioni mwake.

Na nikuulize. Anajua? Ile habari ya sahani. Wanawake hapa waliponyamaza ghafla akipita, hakuwahi kuuliza. Sipati usingizi nikiwaza kwamba anajua.

Nimezeeka, wifi. Nijibu.

Tokilupe


Auckland, 1 Machi 1999

Wifi yangu mpendwa,

Lala salama. Hajui.

Nilimwambia tangu mdogo kwamba shangazi yake alifungua Isaya akasoma mchana kutwa akimtafutia jina lisilo na mwenzake. Walipomcheka shuleni aliwajibu hivyo, kichwa juu. Anajua neno lina maana ya chakula, nani asiyejua, lakini wewe kwake ni mtu wa ile maana nyingine.

Ombi lako nimelisoma vizuri. Nitaongea naye.

Kula vizuri, upate nguvu.

Litia


Auckland, 20 Mei 1999

Shangazi wangu kipenzi,

Hongereni! Inoke alinipigia simu kelele zikiwa nyuma yake, nikasikia mtoto analia, na mimi nikalia hapa ofisini watu wakadhani nimefiwa. Nyonga inaendeleaje? Unatembea kila asubuhi kama ulivyoniahidi, au umerudi kukaa na kutukana kuku?

Shangazi, mama ameniambia. Usione haya. Aliniambia kwamba moyoni unatamani jina langu liendelee kwenu, ila huwezi kuniomba kwa sababu ya desturi. Nilikuwa nimewaza Folole, kweli, lakini mama alinishika mikono akasema shangazi yako angefurahi zaidi na lile alilolitunga mwenyewe. Sijawahi kumwona mama akiongea kwa upole namna ile juu yako. Nilidhani hampendani!

Kwa hiyo mpokeeni. Anaitwa Toenga.

Nitakwambia kitu. Nilipokuwa mdogo walikuwa wakinirushia mifupa ya kuku, wakisema nimeitwa. Nilikuwa naenda chooni nalia, halafu najiambia, yuko mtu mmoja ng'ambo ya bahari huko alinichagulia jina hili kwa kunipenda. Najifuta uso natoka. Ulinisaidia kabla hatujaonana, ndiyo maana nilikuja kukuogesha mbio vile.

Inoke ataisoma barua hii mbele ya watu kama inavyotakiwa. Mwambie asome polepole.

Mwanao,
Toenga


Pangai, 3 Juni 1999

Litia,

Umefanya nini?

Inoke aliisoma. Ukumbini, watu wamejaa, mimi nimeketi na mtoto mapajani. Alisoma yote, ya mifupa na ya chooni, mpaka akafika kwenye jina. Halafu mwanamke mmoja wa mikeka akakohoa. Halafu wakakohoa wote. Mke wa Inoke alikulia Australia, Kitonga chake cha shida, haijui habari ya sahani. Alikuwa anatabasamu huku na huku akiuliza hawa wamepatwa na nini. Inoke akatoka nje. Amekata majani uani, na sisi hatuna majani ya kukata.

Mwambie Toenga alibadilishe. Mwambie mtoto ni mgonjwa, mwambie chochote, wewe unajua kumdanganya. Mimi nitaketi mlangoni kwako. Nina nyonga mbovu lakini nitapanda ndege, nitaketi chini mpaka useme niinuke. Niombe kitu chochote.

Neno moja tu, wifi yangu.

Tokilupe


Auckland, 30 Agosti 1999

Tokilupe,

Barua yako ya Juni ilifika ndani ya wiki mbili. Nilikuwa nashona.

Jina la shangazi halivuliwi. Mimi nilijaribu, na unajua nilichozika.

Lakini kama unataka sana, mwandikie Toenga wewe mwenyewe. Anwani unayo. Mweleze sahani. Mweleze ulivyocheka na wenzako alipobatizwa, na mkeka uliousuka mdogo wake akinifia tumboni. Atalibadilisha siku hiyohiyo, ana roho nzuri yule, sijui kaitoa wapi. Halafu hatakuandikia tena, na mimi hatanitazama usoni, maana nilimwambia uongo tangu akiwa na miaka mitatu na safari hii nimemtumia. Hilo nimeshalikubali. Nilikuwa na miaka ya kulizoea. Wewe je?

Nadhani hutaandika. Nadhani unazihitaji barua zake.

Basi mlee vizuri. Uliniambia wangu ataitika peke yake, sasa wako wawili. Jioni chakula kikiiva, simama mlangoni umwite mjukuu wako aje kula. Mwite kwa sauti, nyumba za huko zimekaribiana.

Wifi yako,
Litia